Zamu ya Kuhesabu Nondo

Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kuhesabu nondo. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo na cheti mkononi, suruali ya kaki imepigwa pasi, nikitarajia kupewa kata na baiskeli nikawe bwana shamba kama wenzangu. Badala yake nikapangiwa kituo kidogo cha kilimo nje ya mji wa Kilosa, nikaonyeshwa mtego wa taa uliosimama uani na daftari lenye jalada jeusi, nikaambiwa kila asubuhi nihesabu walioingia na kuandika. Nikauliza kuhusu Jumapili. Nikajibiwa kwamba nondo hawaendi kanisani wala msikitini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikiwa bado hai. Takwimu zetu zilikwenda Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kwenye shirika la Jumuiya la utafiti wa kilimo na misitu, lile lililojulikana kwa kifupi chake cha EAAFRO. Tangu miaka ya sitini mtaalamu wa wadudu Eric Brown na wenzake walikuwa wametandaza mitego ya taa katika nchi zetu, na kuanzia mwaka 1969 Muguga ikawa inatoa utabiri wa kila wiki: wilaya zipi zijihadhari, zipi zikae kwa amani. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wa mwisho kabisa katika mnyororo huo, yule anayeinama juu ya pipa alfajiri.

Nondo waliotakiwa ni wa aina moja tu, wazazi wa viwavijeshi. Wataalamu humwita Spodoptera exempta. Kwa sura hana la kumvutia mtu: mabawa ya mbele ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, ya nyuma meupe yenye mishipa myeusi, na ukiyakunjua yote upana wake ni kama sentimita tatu. Yeye mwenyewe hagusi jani la mhindi. Hunywa maji ya maua, huishi siku kama kumi, hufa. Anayekula ni mtoto wake. Jike mmoja aweza kutaga mayai kama elfu moja, kwa mafungu, na kila fungu hulifunika kwa nywele nyeusi anazozitoa nchani mwa tumbo lake. Watoto wakianguliwa wachache wachache hubaki na rangi ya majani na huishi kimyakimya, hata mkulima asijue kama wapo. Wakianguliwa wengi mahali pamoja hugeuka weusi kama makaa, hufuatana, na shamba walilomaliza huliacha wakaenda la jirani. Wanaweza kuzidi elfu moja katika mita moja ya mraba.

Ubaya wao ni kwamba sehemu kubwa ya chakula wanachokula maishani hukila katika siku chache za mwisho, kabla ya kujizika ardhini na kuwa buu. Wiki ya kwanza ni wadogo, wa kijani, wamejificha. Mkulima anapoanza kuwaona wameshakuwa weusi, wanene, na shamba lina siku mbili au tatu za kuishi. Ndiyo maana tukawa tunamhesabu mzazi. Kuanzia usiku nondo wanapotua hadi siku viwavi weusi wanapoonekana kuna kama wiki mbili, na wiki mbili hizo ndizo zilizokuwa zikinunuliwa kwa taa, daftari na usingizi wetu.

Mtego ulikuwa wa muundo wa Robinson, uliobuniwa na ndugu wawili wa Uingereza mwaka 1950. Chini ni pipa fupi. Juu yake faneli pana. Katikati ya faneli taa ya zebaki inayotoa mwanga mkali wa kibuluu. Kandokando ya taa vibao vya bati vimesimamishwa wima. Mdudu huja akizunguka taa, hugonga kibao, huteleza kwenye faneli, na kwa kuwa mwanga uko juu haoni tena lile tundu dogo alilopitia. Ndani ya pipa tuliweka kikopo cha dawa inayotoa mvuke. Juu ya taa kulikuwa na kofia ya kuzuia mvua, maana taa ya namna ile ikiwa ya moto na tone moja la maji baridi likaigusa, hupasuka, na kuagiza nyingine kulichukua muda mrefu kuliko msimu wenyewe.

Niliyefanya naye kazi alikuwa mlinzi wa usiku, mtu mzima wa Kikaguru ambaye wote tulimwita Babu. Yeye aliwasha taa jioni saa 12 na nusu na kuizima kunapopambazuka. Kusoma hakujua, lakini hakuna aliyeujua mtego ule kuliko yeye. Mgeni angedhani ni kifaa cha kuwasha na kwenda kulala. Babu alijua maadui zake wote kwa zamu. Saa za mwanzo ni mijusi kafiri, wanaopanda juu ya vibao na kula wanaogonga. Kisha vyura, wanaokaa duara chini ya pipa wakisubiri walioanguka nje. Usiku wa manane ni siafu, na hao ndio hasa. Mstari mmoja wa siafu ukipanda mguu wa mtego, asubuhi unafungua pipa unakuta mabawa matupu, mamia ya mabawa bila miili, na huwezi kuandika lolote la maana. Kwa hiyo kila mguu ulisimama ndani ya mkebe wa oili chafu ya gari. Hata hivyo unyasi mmoja tu ukiinama ukagusa mguu, siafu wamepata daraja. Babu alifyeka pale kila siku, hata wakati hakuna nyasi za kufyeka, na usiku alizunguka na kurunzi akikagua mikebe minne kama anayekagua kufuli za benki.

Mvua za kwanza za vuli zilileta kumbikumbi, nao waliingia kwa wingi hata nondo wakakosa nafasi. Wa ndani ya pipa tuliwazika, kwa kuwa wamevuta dawa. Lakini Babu alikuwa na karabai yake mwenyewe upande wa pili wa uwanja, ikining'inia juu ya beseni la maji, na wa kwenye beseni walikwenda kikaangoni kwa chumvi kidogo. Aliniletea kikombe kimoja kila baada ya mvua ya namna hiyo. Nilizoea kula kumbikumbi mkono mmoja na kuandika kwa mwingine.

Asubuhi kazi ilikuwa yangu. Unamwaga pipa juu ya karatasi nyeupe mezani, karibu na dirisha, kabla jua halijakausha wadudu wakawa wa kuvunjika. Kwanza unatoa wakubwa: mende, chenene, vunjajungu, na wale nondo wanene wenye manyoya ambao hutawanya vumbi la mabawa hadi ukapiga chafya. Kisha unabaki na wadogo wa kijivu, na hapo ndipo macho yanapofanya kazi. Binamu yake anayeshambulia pamba, Spodoptera littoralis, ana mistari myeupe inayokatizana juu ya bawa la mbele, ukimzoea humkosei. Wengine hawana alama ya wazi namna hiyo. Unamgeuza kwa kibano, unatazama bawa la nyuma, mishipa yake ni myeusi au la. Unatazama ncha ya tumbo, ina zile nywele nyeusi za jike au haina. Madume fungu hili, majike fungu lile. Majike wachache unawapasua chini ya lenzi kuona kama wameshapandwa na kama mayai yamekomaa. Jike mwenye mafuta mengi tumboni na mayai machanga ni msafiri aliyetua jana. Mwenye mayai yaliyokomaa anataga hapa hapa, usiku wa leo.

Daftari lilikuwa na safu za tarehe, madume, majike, mvua kwa milimita, upepo, na mwezi. Safu ya mwezi ilikuwa na sababu. Usiku wa mbalamwezi nondo wanaonaswa hupungua hata kama wapo wengi, kwa kuwa taa haina tena giza la kuitawala. Anayesoma namba bila kujua mwezi ulikuwaje atadhani hatari imepita.

Lakini kitu nilichofundishwa mapema kuliko vyote ni sifuri. Miezi ya kiangazi mtego ulikuwa haupati hata nondo mmoja wa aina yetu, wiki baada ya wiki. Mkubwa wangu wa kazi alinikuta siku moja nimeweka vistari tu kwenye kurasa, akanieleza bila kunikaripia: kistari hakisemi kitu. Kinaweza kumaanisha taa haikuwaka, au siafu walikula, au wewe ulikwenda harusini. Sifuri inasema taa iliwaka usiku kucha, mtego ulikuwa mzima, mtu alitazama, na hakuna aliyeingia. Muguga hawawezi kujua kwamba nondo kumi ni wengi au wachache kama hawajui kwamba kabla ya hapo walikuwa sifuri. Tangu siku hiyo niliandika sifuri kwa heshima ileile niliyoandikia namba kubwa.

Wananchi hawakuona hivyo. Kulikuwa na bibi mmoja aliyelima karibu na kituo, mjane mwenye watoto waliokwisha kuhamia mjini, ambaye kila akipita na jembe lake begani alinisimamisha.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Bado unawasha taa yako?"

"Bado, Bibi."

"Viwavi huanguka na mvua. Mungu akitaka, hushuka. Taa yako itamzuia?"

Nilikuwa na majibu ya chuoni, na nilimpa: mayai, siku tatu kuanguliwa, wiki mbili hadi tatu kiwavi, siku kumi buu. Alinisikiliza kwa adabu yote, akaniambia, "Basi sawa," akaenda zake. Nilichokuja kuelewa baada ya miaka ni kwamba bibi alikuwa na sehemu ya ukweli ambayo hata wataalamu ilibidi waitafute kwa vyombo. Nondo wakishatoka ardhini jioni hupanda juu na kwenda na upepo, kila mmoja kivyake. Pepo zikikutana, au dhoruba ya radi ikivuta hewa kutoka pande zote, nondo waliotawanyika katika eneo kubwa hukusanywa mahali pamoja, kisha mvua na hewa baridi huwashusha. Wanatua kwenye majani mapya ya mvua hiyohiyo, wanapandana, wanataga. Kwa mwenye shamba, hiyo ni mvua iliyoleta viwavi. Wazee waliona sawasawa. Kilichowapita ni zile wiki mbili za katikati.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi ulitanguliwa na ukame mbaya. Tena ulikuwa wakati wa Operesheni Vijiji. Watu wengi walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba ya wazee wao, wakilima ardhi wasiyoijua vizuri, ghala hazina kitu, na mbegu waliyoipanda ndiyo hiyo hiyo waliyonayo. Mvua za vuli zilichelewa. Daftari langu la Novemba lilikuwa safu ya sifuri kutoka juu hadi chini. Kuelekea mwisho wa mwezi akaingia dume mmoja. Baada ya siku chache wawili, kisha watano. Niliandika, nikapeleka. Waliotangulia vile huwa ni masalio ya wachache waliopita kiangazi kwenye unyevu wa mwambao na milimani, ambako nyasi hazikauki kabisa. Ukame una ubaya mwingine usioonekana: huwaondoa pia maadui wa viwavi na magonjwa yao, hivyo kizazi cha kwanza baada ya mvua kuanza hukuta uwanja mtupu.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Desemba, mwezi mchanga umeshazama. Tangu jioni radi ilikuwa ikipiga upande wa mashariki, juu ya mbuga ya Mkata, bila mvua kutufikia. Saa nne hivi ukaja upepo wa ghafla, wa baridi, wenye harufu ya udongo ulioloa. Nilikuwa nimeshalala. Babu aligonga dirisha kwa fimbo.

"Mwanangu, toka. Wamekuja."

Nilitoka na shuka mabegani. Duara lote la mwanga lilikuwa limejaa. Wengine walikuwa juu kabisa, pale mwanga unapofifia, wakiingia na kutoka gizani. Wengine wanashuka wakigonga vibao kwa mfululizo, na sauti yake ilikuwa kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. Vyura walikuwa wameshashiba, wamekaa tu. Majani ya mwembe uliokuwa karibu, tulipoyamulika kwa kurunzi, yalirudisha vimulimuli vya macho, mamia kwa mamia. Babu hakusema tena kitu. Alichukua kofia yake, akafunika sehemu ya faneli iliyokuwa imelegea ili mvua isiingie, maana matone makubwa yalikuwa yameanza, akasimama pale hadi tulipohakikisha kofia ya taa imekaa sawa.

Asubuhi nilihesabu hadi saa tano. Walizidi mia nane wa aina yetu peke yao, madume na majike karibu sawa. Niliwapasua majike kadhaa: mafuta tele, mayai machanga, hawajapandwa. Kipima mvua kilikuwa na mvua ya kutosha kuotesha nyasi kila mahali. Mkubwa wangu aliangalia daftari, akaangalia meza, akaniambia nichukue baiskeli yake niende posta Kilosa. Telegramu ililipiwa kwa neno, kwa hiyo ilikuwa fupi: jina la kituo, tarehe, madume, majike, mvua. Karani alizihesabu zile namba mara mbili, akidhani ni siri ya polisi.

Hatukungoja jibu. Mabwana shamba wa kata za jirani walipelekewa habari siku hiyohiyo, na sisi tulikwenda na mmoja wao kwenye kijiji cha karibu. Mwenyekiti aliitisha mkutano chini ya mti. Watu walikuwa wamechoka, wengine wametoka kupanda. Tulichowaomba hakikuwa kikubwa: kila balozi wa nyumba kumi atume watu wawili, kuanzia siku ya tano, wapite shambani na kwenye nyasi za pembeni, wafunue majani na moyo wa mhindi. Tukawaonyesha cha kutafuta. Kiwavi mdogo hatoboi jani. Hukwangua upande mmoja na kuacha ngozi nyembamba ya upande wa pili, hivyo ukiliinua jani juani unaona vidirisha. Bibi yetu wa jembe alikuwa amekaa mbele. Hakusema kitu kuhusu mvua wala Mungu, ila alichukua jani, akaliinua juani kama tulivyoonyesha, akalipitisha kwa jirani yake.

Siku ya saba walikuja kituoni vijana wawili na fungu la nyasi limefungwa kwenye kanga. Vidirisha vilikuwemo, na viwavi wa kijani, wengine hawafiki urefu wa punje ya mpunga. Dawa iliyokuwepo wakati huo ilikuwa unga wa DDT, ambao leo umepigwa marufuku mashambani, na ulitiwa kwenye mfuko wa gunia ukakung'utwa juu ya mimea alfajiri kukiwa na umande. Haukutosha mashamba yote, lakini kwa viwavi wadogo kiasi kidogo hufanya kazi kubwa. Sehemu ambazo hazikupata unga walichimba mitaro, pande zake wima, ili wakianza kutembea waangukie humo. Kijiji kile kilivuna. Si sana, mwaka ulikuwa mbaya kwa sababu nyingine pia, lakini kilivuna.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji kingine. Habari ilitumwa siku moja na wale wengine, ila mto ulikuwa umejaa na aliyetumwa akakaa upande wa huku akisubiri maji yapungue. Tulipovuka naye, ilikuwa wiki mbili zimeshapita. Tulianza kuwakuta njiani kabla ya kufika mashambani, wanakatiza njia kwa upana wa hatua nyingi, weusi, wenye mistari ya manjano ubavuni, wote wameelekea upande mmoja. Ukisimama kimya uliwasikia wakitafuna. Kwenye mahindi palibaki ule uti wa katikati ya jani, na chini vinyesi vyao vimetanda mithili ya mchanga wa kijani. Mihogo na kunde zilisimama katikati ya shamba zikiwa bichi kabisa, hazijaguswa, kwa sababu viwavi hawa hula mimea ya jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, mpunga, malisho. Kuku walikuwa wamekula hadi wakakataa. Wafugaji wa Kimasai walikuwa wameshaondoa ng'ombe wao, wakijua tangu kwa babu zao kwamba mifugo ikilishwa mahali viwavi walipopita hufa.

Mama mmoja alikuwa anafagia kizingiti cha nyumba yake kwa ufagio wa chelewa, anawasukuma nje, wanarudi. Alituuliza kama tumekuja na mbegu. Hatukuja na mbegu. Tulikuja na onyo.

Sijasahau swali lile. Taa ilikuwa ileile kwa vijiji vyote viwili, namba ileile, telegramu ileile. Tofauti yote ilikuwa wiki mbili za habari kukwama ukingoni mwa mto. Nilikuwa nimeamini kwamba kazi inaishia daftarini, na kwamba nikiwa nimehesabu sawasawa nimemaliza wajibu. Pale nilijua kwamba hesabu ambayo haijafika kwa mwenye shamba ni karatasi tu.

Viwavi wale walijizika, na baada ya siku kama kumi wakatoka nondo wapya, wakaondoka na upepo. Barua ya utabiri ya Muguga ilitufikia ikionyesha kazi yao ikiendelea kaskazini. Katika miaka mibaya ndivyo inavyokuwa: kila kizazi huchukua kama mwezi mmoja, kinaanzia Tanzania ya kati, kinapanda Kenya, kinafika Ethiopia katikati ya mwaka, na huweza kuvuka hata Yemen. Wapo waliokuwa na shaka kwamba mdudu mdogo hivyo anasafiri kweli. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nchini Kenya, watafiti waliwatia nondo rangi na kuwafuatilia kwa rada. Waliotiwa rangi walinaswa zaidi ya kilomita 100 kutoka walikotoka, upande ule upepo ulikoelekea.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na Muguga ikawa nchi ya watu wengine. Utabiri haukufa, shirika la kanda la kudhibiti nzige wa jangwani liliubeba, na kwetu Tanzania kazi ikaja kuwa na makao Tengeru, Arusha. Mitego nayo ilibadilika. Wataalamu walikuwa wameshaijua harufu anayoitoa nondo jike kumwita dume, wakaitengeneza maabara na kuitia kwenye kipira kidogo. Mtego wa harufu hauhitaji umeme wala Babu wa kulinda usiku, na huingiza madume wa aina moja tu, kwa hiyo hata mtu asiye na lenzi anaweza kuhesabu. Nilipokuwa karibu kustaafu nilishuhudia jambo lililonifurahisha kuliko yote: mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya hiyohiyo ya Kilosa ilikuwa miongoni mwa za kwanza kujaribu utabiri unaofanywa na wanakijiji wenyewe. Mtego kijijini, kipima mvua kijijini, mkulima aliyefundishwa anasoma vyote viwili na kutangaza matokeo msikitini, kanisani na shuleni. Mto ukijaa, haidhuru, kwa kuwa habari haina haja ya kuvuka.

Kisha mwaka 2017 akaingia mgeni, kiwavijeshi vamizi, aliyetoka Amerika na kuonekana Afrika Magharibi mwaka mmoja kabla. Watu wanawachanganya kwa sababu jina ni moja. Huyu mgeni haendi kwa msafara; hujificha ndani ya moyo wa mhindi na huzaliana mwaka mzima. Mtambue kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia. Amechukua fedha na macho ya kila mtu, na ni haki yake kuogopwa. Lakini yule wa zamani hajaondoka. Bado anasubiri mwaka wa ukame na dhoruba ya kwanza ya vuli.

Na kuhesabu nondo si kwa ajili ya viwavi tu. Huko Uingereza watu wengi huwasha mitego ya taa kwenye bustani zao kwa kupenda tu, hata usiku wa baridi wa Oktoba, na kuandika wanachokipata. Kumbukumbu za mitego ya taa, zilizokusanywa huko kwa miaka 50 kuanzia 1968, ndizo zilizoonyesha kwamba wingi wa nondo wakubwa wa nchi hiyo umepungua kwa theluthi. Hakuna usiku mmoja uliosema hayo. Yalisemwa na maelfu ya kurasa za watu walioandika walichokiona, na wasichokiona.

Nimewahi kuulizwa kama ile kazi ilikuwa na faida kulinganisha na gharama. Jibu langu ni kijiji kilichovuna na kijiji kilichouliza mbegu. Dawa ya kuwanyunyizia viwavi weusi ni ghali na mara nyingi hufika shamba limekwisha. Mtego na daftari havifiki hata bei ya pipa moja la dawa hiyo. Kwa hiyo wewe unayelima mahindi, mtama au mpunga, ulizia kabla ya vuli kama kijijini kwako kuna mtego, nani anauhesabu, na wiki iliyopita aliandika nini. Ukiambiwa aliandika sifuri, mshukuru. Ukiambiwa hakuna anayehesabu, lipeleke jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji sasa, mvua ikiwa bado haijanyesha.